Dada ya Nani?

Nilikuwa nimeketi juu ya jiwe pale Sake, magharibi mwa Goma nchini Kongo, daftari juu ya goti, na mbele yangu amesimama mama mwenye mtoto mchanga mgongoni. Jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka. Lava ilishuka mpaka Buhene, pembeni mwa mji, ikasimama karibu na uwanja wa ndege, nasi tukadhani yamekwisha. Lakini ardhi haikutulia. Ilitetemeka usiku na mchana, kuta zikapasuka, na tarehe 27 serikali ikatangaza kwamba mitaa 10 ya Goma ihame. Barabara ya Sake ikafurika watu: wa miguu, wa moto, yaani pikipiki, wenye chukudu, vile vyombo vya mbao vya magurudumu mawili, zilizopakiwa magodoro na sufuria, wazee wameshikwa mkono na wajukuu. Katika msongamano ule watoto waliachana na wazazi wao.

Nilikuwa nimechukuliwa kwa siku chache na shirika moja la misaada. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, ili wenzetu waliotawanyika sehemu nyingine wasome na kutafuta. Mama akaniambia:

"Mutoto alibakia na papa yake. Papa yake akamuacha kwa dada yake, kule Minova."

Niliandika bila hata kuinua kichwa: "The father left the boy with her sister in Minova." Nikamshukuru mama, nikaita mwingine.

Kwa siku mbili mwenzetu wa Minova alimtafuta mtoto yule wa miaka sita asimwone. Alikuwa akiulizia dada ya mama, kwa sababu karatasi yangu ilisema "her sister". Alitaja jina la mama, akataja kwao mama, akapita shuleni, kanisani, kwenye vibaraza walikolala wageni. Hakuna aliyemfahamu dada huyo. Siku ya tatu mama alirudi pale kwenye jiwe, macho mekundu, kuuliza kama kuna habari. Nikaona ni heri nimsomee nilichoandika, nikakigeuza kwa Kiswahili: "Mtoto yuko kwa dada yako, Minova."

Alinitazama kwa muda.

"Dada yangu? Dada yangu eko Bukavu, papa. Mimi nilisema dada yake. Dada ya papa ya mutoto!"

Shangazi. Mtoto alikuwa kwa shangazi yake. Nilipiga simu Minova nikatoa jina la baba badala ya jina la mama, na kabla giza halijaingia mtoto alikuwa amepatikana, hatua chache tu kutoka sokoni, mahali ambapo mwenzetu alikuwa amepita mara mbili. Aliponipigia kunijulisha, hakunilaumu. Alisema tu, "Ungeniandikia 'his', ningempata siku ya kwanza."

Maneno hayo sijayasahau. Tangu mwaka 2022 nafundisha Kiingereza jioni katika chumba cha mbao huko Katindo, mtaa wa Goma, na kila ninapopokea wanafunzi wapya naanza na sentensi ya mama yule. Naiandika ubaoni kama alivyoisema, halafu naomba kila mtu aiandike kwa Kiingereza. Karibu wote wanaandika nilichoandika mimi.

Inafaa tuitazame kwa karibu. Kwa Kiswahili, mama alisema "dada yake". Lile neno "yake" linapatana na dada, kwa ngeli ya dada. Angekuwa na vitu, angesema "kitu chake", "mali yake", "vyombo vyake". Sikio la Mswahili linafuata kinachomilikiwa. Kuhusu mwenye nacho linapata jambo moja tu: ni mtu mmoja, na si mimi wala wewe. Mwanamume au mwanamke, haijulikani, na kwa kawaida hatuna haja ya kujua kwa kuwa mazungumzo yenyewe yanatuonyesha.

Kifaransa, lugha tuliyosomea sisi wote hapa Goma, nacho kinatazama upande huo huo. "Sa sœur" ni dada yake: neno "sa" ni la kike kwa sababu dada ni wa kike, hata kama mwenye dada ni mwanamume mwenye ndevu. "Son frère" ni kaka yake, hata kama mwenye kaka ni mama. Basi mtoto wa Goma anatoka nyumbani na Kiswahili, anakaa shuleni na Kifaransa miaka 12, na lugha zote mbili zinamzoesha kutazama kitu kinachomilikiwa.

Kiingereza kinageuza uso upande wa pili. Kinamtazama mwenyewe. "His sister" ni dada ya mwanamume, "her sister" ni dada ya mwanamke, na yule dada hachangii chochote katika uamuzi huo. Mkono wangu pale Sake uliona neno "sister", ukaona mwanamke, ukaleta neno la kike kama ambavyo Kifaransa kingetaka. Kiingereza kilikuwa kimeniuliza swali la wazi kabisa: dada ya nani? Nilipaswa kumrudishia mama swali hilo. Nililijibu mwenyewe, kwa mazoea, na sikujua hata kwamba nimeulizwa.

Nakumbuka tulivyofundishwa sarufi hii. Shule niliyosoma ilikuwa na vipindi vichache vya Kiingereza kwa juma, vitabu havitoshi, tukikaa wanne kwenye benchi moja. Mwalimu aliandika ubaoni "I go, you go, he goes, she goes", nasi tukaimba kwa sauti moja mpaka madirisha yakaitikia. Kwenye mtihani tuliweka ile "s" vizuri kabisa. Tulipotoka nje na kujaribu kuongea na mgeni, tulisema "he go", "my mother come tomorrow". Kanuni tulikuwa nayo kichwani. Mdomoni haikufika.

Kwa muda mrefu niliamini ni uvivu, kwa kuwa ndivyo tulivyoambiwa. Siku hizi siamini hivyo hata kidogo. Mimi naona sababu mbili, na zote zimo katika lugha tunazozisema kila siku.

Ya kwanza ni kwamba Kiswahili kinaweka habari zake mwanzoni mwa kitenzi. Anakwenda, wanakwenda, kinakwenda, yanakwenda: kabla mzizi haujatamkwa, msikilizaji ameshajua nani au nini, mmoja au wengi. Tumezoea kutega sikio mlangoni. Kiingereza kimebakiza alama moja tu katika wakati uliopo, nayo kimeiweka mkiani, sauti ndogo kama hewa inayotoka kwenye tairi. Tukifika huko tumeshamaliza kusikiliza.

Ya pili inatoka kwa Kifaransa, na hii ndiyo iliyonifungua macho. Sema "il parle", halafu sema "ils parlent". Yeye anasema, wao wanasema. Sauti ni ile ile. Herufi za mwisho zinaandikwa ila hazisikiki. Mtoto wa kwetu anajifunza tangu darasa la kwanza kwamba miisho ya vitenzi ni mambo ya imla, ya kalamu nyekundu ya mwalimu, hayahusiani na mdomo. Anapokutana na "goes" na "comes", anaihesabu "s" ile kuwa moja ya zile herufi za bubu. Anaiandika kwa adabu na haitamki. Zaidi ya hapo, kwa Kifaransa "s" ni alama ya wingi, au ya "tu" kama katika "tu parles", kwa hiyo anapoamua kuitamka anaipeleka mahali pasipo pake: "they goes", "you comes".

Ndiyo maana darasani sianzi na wimbo. Nawaambia wanafunzi kwamba kati ya kiima na kitenzi, kwa maneno ya kawaida, kuna "s" moja inayohamahama. Mvulana akiwa mmoja, "s" iko kwa kitenzi: "the boy runs". Wavulana wakiwa wengi, "s" imehamia kwa wavulana: "the boys run". Si sheria ya lugha yote, kwa maana kuna "children" na "women" ambao wingi wao hauhitaji "s", lakini inawatoa wengi kwenye lile shimo la "they goes". Halafu tunatamka, kila mtu kwa zamu, na "s" ivutwe mpaka jirani aisikie.

Wakishaipata wanaipenda kupita kiasi. Kijana mmoja anayeendesha moto kati ya Birere na Katindo aliniletea sentensi kumi alizoandika akisubiri abiria, na saba zilikuwa hivi: "He can drives", "Does she goes?", "He must pays". Nilifurahi kuziona, maana mtu anayeweka "s" kupita kiasi ameshaanza kuisikia. Nilimweleza kwamba maneno kama "can" na "must" hayapokei "s" kabisa, na kwamba katika "Does she go?" ile "s" imeshachukuliwa na "does". Haiwezi kuwa na wenyewe wawili. Akasema, "Kama kofia ya abiria, mwalimu. Iko moja." Tangu siku ile darasa zima linaiita kofia.

Wanafunzi huuliza kwa nini Waingereza walibakiza kitu kidogo namna ile, na swali hilo lina haki ya kujibiwa. Zamani Kiingereza kilikuwa na miisho mingi ya vitenzi, kama Kilatini na Kijerumani. Ikapukutika karne baada ya karne. Huo mwisho wa "s" ulianzia kaskazini mwa Uingereza, wakati watu wa kusini walikuwa wakisema "goeth" na "maketh". Wanaosoma Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 wanaikuta "eth" hiyo kila ukurasa, ingawa wakati huo mitaani London "s" ilikuwa imeshaenea. Hata leo huko mashariki mwa Uingereza, upande wa Norfolk, kuna wenyeji wanaosema "she go" kwa lahaja yao. Niliposema hayo, mama mmoja muuguzi, mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote, alikunja uso akauliza, "Basi sisi tunakosea nini, mwalimu?" Nilimjibu kwamba wao wana lahaja yao na majirani wanaoielewa. Sisi tunaandika ripoti na barua zitakazosomwa Nairobi na Kampala na watu wasiotujua. Nchi yetu ilitia saini kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, na hapo ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, shule zilihamia Kiingereza baada ya uamuzi wa Rwanda wa mwaka 2008. Muuguzi huyo ana maombi ya kazi mezani. Hawezi kungoja lahaja ya Goma itambuliwe.

Baada ya Sake nilipata kazi ya miezi kadhaa bironi, yaani ofisini, kuandika ripoti. Huko nilikutana na mwenzangu kutoka Nakuru, dada mwenye Kiswahili safi na Kiingereza safi, na huyo ndiye aliyenifundisha zaidi ya mwalimu yeyote. Alikuwa anakaa kando yangu, anasoma ripoti zangu kabla hazijatumwa. Mara ya kwanza aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, juu ya sentensi hii: "The list of the names of the children were lost."

"Kaka, kilichopotea ni nini?" aliuliza.

"Orodha."

"Iseme kwa Kiswahili, sentensi nzima."

Nikasema: "Orodha ya majina ya watoto imepotea."

"Mbona hukusema 'wamepotea'?"

Nikanyamaza, nikaona. Katika Kiswahili, "imepotea" inashika orodha na kuiacha wazi mbele ya macho. Haiwezi kuchanganywa na majina, ambayo yangesema "yamepotea", wala na watoto, ambao wangesema "wamepotea". Ningeandika "watoto wamepotea" ningetisha watu. Kiingereza kina "was" na "were" tu, na neno la wingi likiwa karibu na kitenzi linakivuta. Baadaye nilisoma kwamba hata wenye lugha yao huvutwa hivyo: mwaka 1991 watafiti wawili, Kathryn Bock na Carol Miller, walionyesha kwamba wasemaji wazawa wa Kiingereza wakipewa mwanzo wa sentensi kama "the key to the cabinets" ili wamalizie, mara nyingine wanatia kitenzi cha wingi, kwa sababu makabati yako karibu kuliko ufunguo. Ilinipa moyo kujua hivyo. Si akili ya Mkongomani inayokosea pale. Ni akili ya mtu anayebeba maneno mengi kwa mara moja.

Njia ya dada wa Nakuru ikawa njia yangu: sentensi ndefu ya Kiingereza ikinitatiza, naisema kwa Kiswahili na kusikiliza kiambishi. Nikisikia "i" ya orodha, naandika "is". Nikisikia "wa" au "ya" ya wengi, naandika "are". Lakini hapa nikagonga ukuta ambao yeye hakuwa nao. Kiswahili cha Goma, kile nilichonyonya, hakina viambishi hivyo vyote. Sisi tunasema "kichwa yangu inaniuma", "bitabu yangu iko wapi", "majina iko mingi". Ile "i" na ile "yangu" zinabeba karibu kila kitu kisicho mtu. Ni lugha yetu, ina utaratibu wake, nimeibembelezea watoto na nitaizungumza mpaka kufa. Ila kipimo hiki haikuweza kunipa, kwa kuwa orodha "iko" na majina nayo "iko". Nilirudi nikajifunza ngeli za Kiswahili sanifu jioni baada ya kazi, kwa redio na kwa dada yule, ki na vi, li na ya, u na zi, ili niweze kuandika Kiingereza. Watu wa nyumbani walishangaa kunisikia nikisema "viti vimeletwa". Sasa wanafunzi wangu nao wanapitia njia hiyo hiyo, na wengi wanakiri kwamba hawakutegemea kuja darasa la Kiingereza na kutoka na Kiswahili kingine.

Kuna makosa mengine ambayo Kifaransa kinatupandia na yanafaa kutajwa, hata kwa ufupi. "Les nouvelles sont bonnes", habari ni nzuri, kwa wingi. Kwa Kiingereza "the news is good", umoja, licha ya "s" yake. "Les informations" ni nyingi. "Information" kwa Kiingereza haihesabiki, haipokei "s", na kitenzi chake ni "is". Kinyume chake "la police" ni moja kwa Kifaransa, na "the police" kwa Kiingereza ni wengi daima: "the police are coming". Nalo "people" ni wengi bila "s" yoyote. Hayo ni ya kukariri tu, hakuna njia ya mkato niliyoiona.

Lakini lile la polisi lina ndugu yake katika Kiswahili, na nikilifikia darasani huwa napunguza mwendo kwa sababu nalipenda. Neno "kiongozi" limevaa umbo la "ki", kama kiti na kisu. Je, tunasema "kiongozi kimefika"? Hatusemi. Tunasema "kiongozi amefika", kwa kuwa ni mtu, na utu wake unalishinda umbo la neno. Kifaru naye ana "ki", na tunasema "kifaru amelala". Yaani tangu utotoni tunajua kwamba upatanisho unaweza kufuata maana na kuliacha umbo nyuma. Kiingereza kinafanya vivyo hivyo: umbo la "police" linaonekana la umoja, ila nyuma yake kuna watu wengi, na kitenzi kinawafuata watu. Waingereza wanakwenda mbali zaidi, wanasema "the team are playing" wakiwafikiria wachezaji, pale Wamarekani wanaposema "the team is playing" wakiifikiria timu kama kitu kimoja. Wanafunzi wangu wakiuliza lipi ni sahihi, nawaambia wachague moja na wasibadilishe katikati ya ukurasa.

Na kuna sentensi moja ya Kiswahili ninayoithamini kuliko zote: "Rafiki yangu amefika." Itazame. "Yangu" inafuata umbo la neno rafiki, "a" ya "amefika" inafuata maana yake. Katika maneno matatu, neno hilo hilo limepatana kwa njia mbili tofauti, na hakuna Mswahili anayeona kasoro. Naitumia ninapofika kwenye "Everyone has brought their book." Mwanafunzi makini huinua mkono hapo: "has" ni umoja na "their" ni wingi, vipi? Namrudisha kwa rafiki yangu aliyefika. Kitenzi kimefuata umbo la "everyone", ambalo ni umoja. Kiwakilishi kimefuata maana yake, watu wote wale waliokuja na vitabu vyao.

Hilo "their" la mtu mmoja limezua maneno mengi kwa Waingereza wenyewe. Limo katika maandishi yao tangu karne ya 14. Baadaye wanasarufi walitaka "his" isimame kwa wote, na mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba katika sheria zake maneno ya kiume yahesabiwe kuwa yanawachukua na wanawake. Katika siku zetu hizi upepo umegeuka, na Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambacho kanuni zake za uandishi zinafuatwa na vyuo vingi, kilikubali "they" ya mtu mmoja katika toleo la mwaka 2019. Mimi naifundisha bila wasiwasi. Muuguzi akitaka kuandika "Kila mgonjwa alete karatasi yake", "yake" haisemi mgonjwa ni mwanamume au mwanamke, na "their" nayo haisemi. Ndilo neno la Kiingereza lililo karibu zaidi na moyo wa Kiswahili. Sharti ni moja: kitenzi kibaki cha wingi, "they are", hata kama mtu ni mmoja. Anayeona ajabu amkumbuke mzee mmoja anayeambiwa "vous êtes", kwa wingi, katika Kifaransa, na "you are" ya Kiingereza ambayo zamani ilikuwa ya wengi tu.

Hata hivyo nina mpaka wangu. Pale inapojulikana nani ni nani, pale ambapo mtoto atatafutwa kwa karatasi hiyo, sikubali "their". Ningeandika "with their sister" pale Sake, mwenzetu wa Minova angezunguka vile vile. Ikiwa mwandishi hajui, aulize. Nimewaambia wanafunzi kwamba "he" na "she" ni maneno mawili madogo ambayo Kiswahili hakikutupa, kwa hiyo hayatakuja yenyewe mdomoni, tutayatafuta kila mara. Yule mama muuguzi alikuwa anasema "she" kwa kila mtu, hata kwa mume wake. Hospitali anakofanya kazi mgonjwa ni "mgonjwa", daktari ni "daktari", na "yeye" inawatosha wote. Kwa wiki nyingi hakuna kilichosaidia. Mwishowe nilimwomba aache kufikiria maneno na afikirie nyuso: kabla ya kutamka, amwone mtu anayemsema, hata kwa nusu sekunde. Akaanza kuongea taratibu kuliko wengine, anasimama, anatazama juu kidogo, halafu "he" inatoka, na ni sahihi.

Juma lililopita nilisoma imla kwa Kiswahili waigeuze papo hapo kwa Kiingereza. Mvua ilikuwa inapiga mabati, ikabidi nipaze sauti. Nilisoma sentensi nne za kawaida, habari za soko na za barabara, halafu ya tano nikaisoma kama nilivyoisikia miaka ile, neno kwa neno: Papa yake akamuacha kwa dada yake, kule Minova.

Stilo zote zilikwenda. Ya muuguzi ilifika katikati ya mstari ikasimama. Aliinua kichwa.

"Mwalimu, samahani," alisema. "Dada ya nani?"

Kijana wa moto naye akaacha kuandika, akarudi nyuma kwenye mstari wake, akafuta neno moja kwa kidole.

"Dada ya papa ya mutoto," nilisema.

Mama akainama, akaandika.